Mlima Meru usiachwe kwa watalii peke yao

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji niwazungumzie watu wanaohamia Arusha na Moshi kila mwaka kwa sababu ya kazi, masomo au ndoa, wakaishi miaka mitano au kumi chini ya milima miwili mirefu kuliko yote nchini, Kilimanjaro na Meru, kisha wakahamishwa tena bila kuikanyaga hata mara moja. Nazisema habari zao kwa kuwa nami nilikuwa karibu kuwa mmoja wao, na kwa kuwa naamini kosa si lao peke yao.

Nililetwa Arusha na barua ya uhamisho kutoka Lindi, mwezi wa Juni, miaka mitatu iliyopita. Wanaoujua mji huu wanajua maana ya Juni: mawingu hushuka hadi karibu na mapaa, manyunyu hayaishi, na mtu aliyezoea joto la bahari hulala na soksi. Shuleni nilisoma kwamba Mlima Meru una urefu wa mita 4,566, lakini kwa siku tisa za mwanzo sikuuona, na kwa kweli nilikuwa nimeusahau. Siku ya kumi, alfajiri, nilitoka uani kuanika nguo nikaukuta umesimama juu ya migomba ya jirani, mweusi, mkali, umeijaza anga yote ya upande wa kaskazini, nikabaki nimeishika kanga iliyolowa bila kujua la kufanya. Baba mwenye nyumba alikuwa akikamua ng'ombe wake. Hakunicheka. Aliniambia, "Utazame sasa hivi, binti yangu. Ikifika saa nne utakuwa umeshajifunika." Na kweli, saa nne haikuwako dalili ya mlima.

Mwaka wangu wa kwanza haukuwa na furaha. Mgeni asiye na ndugu mjini huishi baina ya ofisi, chumba na simu, na Jumapili inakuwa ndefu kuliko siku nyingine zote. Niliwauliza wenzangu wa kazini kama kuna yeyote aliyewahi kupanda Meru, na katika watu kumi na wanne waliokuwapo, aliyepanda alikuwa mmoja, tena akiwa mwanafunzi. Wengine waliniambia kwamba mlima ni wa Wazungu, ni wa wenye fedha, au ni wa waliochoka na maisha. Nikaenda katika kampuni moja ya utalii, ambayo sitaitaja, nikauliza bei. Nilijibiwa kwa dola, kiasi ambacho kingemeza mshahara wangu wa miezi kadhaa, wala aliyenijibu hakuuliza kama mimi ni Mtanzania. Nilitoka pale nikaamini kwamba wenzangu walisema kweli, na imani hiyo ilinipotezea miezi minane. Baadaye ndipo nilipofahamu kwamba raia hulipa ada za hifadhi kwa shilingi, na kwamba ada hizo ni ndogo mno zikilinganishwa na zile anazotozwa mgeni kutoka nje. Gharama zinazobaki, yaani mwongozaji, wapagazi, chakula na usafiri, hupungua sana watu wakienda kwa kundi.

Aliyenitoa ndani alikuwa ni yule yule baba mwenye nyumba, mzee wa Kimeru aliyeivuka miaka sabini. Alianza na Mlima Suye, ambao kwa macho ya wenyeji ni kilima tu, lakini mimi nilifika juu nikihema kama niliyekimbizwa, kwa sababu Arusha yenyewe iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 na mapafu yangu yalikuwa bado ya Lindi. Wiki mbili baadaye alinipeleka Ziwa Duluti, pale Tengeru, tukalizunguka kwa miguu ndani ya msitu wake. Ni ziwa la kreta, yaani shimo la volkano, dogo, limetulia chini ya miti mirefu, na nauli ya daladala ya kukufikisha karibu nalo haizidi bei ya chupa chache za soda. Nilikuwa nimelipita mara nyingi nikiwa ndani ya basi la Moshi, bila kujua kwamba hatua chache kutoka barabarani kuna mahali pa namna ile. Njiani mzee alinifundisha mambo mawili ambayo hadi leo ndiyo ninayowafundisha wengine: kwamba mtu anayepanda anapaswa kwenda kwa mwendo unaomwezesha kuzungumza, na kwamba viatu huvaliwa nyumbani kwa wiki nzima kabla ya safari, si asubuhi ya safari.

Viatu vyangu nilivipata katika mitumba ya soko la Memorial, Moshi, nilikokuwa nimekwenda msibani. Koti la baridi, kofia ya sufi na glavu nilivipata huko huko. Nayataja haya kwa sababu watu wengi hudhani kwamba vifaa vya mlimani ni lazima viagizwe Ulaya, ilhali vimelundikwa mbele yao kila siku ya soko.

Februari ya mwaka wa pili tulikwenda Meru tukiwa wanane, watumishi wa idara tatu na jirani zetu wawili. Hapa naomba unisamehe, Mhariri, nikirefusha kidogo, maana sijui njia nyingine ya kumshawishi mtu aliyekaa Arusha miaka kumi bila kwenda.

Safari huanzia lango la Momella, kiasi cha mita 1,500, na mtu haruhusiwi kuondoka pale bila askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu nyika ya chini ina nyati wengi na tembo nao hupita. Tuliwaona nyati wenyewe baada ya nusu saa, wakiwa wametulia kwenye majani pamoja na ngiri, na twiga watatu wakiwa wamesimama nyuma yao. Askari alitupanga mstari mmoja na kutuomba tunyamaze, na watu wanane ambao asubuhi walikuwa wakigombea viti vya gari wakawa kitu kimoja. Baada ya hapo msitu unaanza. Upo mtini mmoja mkubwa sana juu ya njia, ambao shina lake limegawanyika likaacha uwazi chini kama lango, kiasi kwamba gari linaweza kupita. Ipo mitarakwa mizee iliyojaa kuvu za kijivu zinazoning'inia kama ndevu, na wapo mbega, weusi kwa weupe, ambao waliruka juu ya vichwa vyetu kutoka mti hadi mti wakiwa wameifungua mikia yao.

Usiku wa kwanza tulilala Miriakamba, mita 2,514. Kabla ya giza mwongozaji alituonyesha upande wa Ngare Nanyuki, akatusimulia jinsi Wameru walivyoondolewa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951, na jinsi Kirilo Japhet alivyosafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, kulieleza shauri la watu wake. Nilikuwa nimelisoma jina hilo katika kitabu cha historia nikalikariri kwa ajili ya mtihani. Kulisikia likitamkwa na mtoto wa ardhi ile ile, huku mashamba yenyewe yakionekana chini yetu, ni elimu ambayo darasa halikunipa.

Siku ya pili ni ya ngazi, nyingi, hadi kambi ya Saddle, mita 3,570. Jioni yake tulitembea taratibu hadi Meru Mdogo, mita 3,820, ili miili izoee. Hapo ndipo lilipotupata jambo ambalo nataka kila mkazi mpya alisikie. Mwenzetu mmoja, kijana mwenye nguvu kuliko sisi sote na anayecheza mpira kila wiki, alianza kuumwa kichwa. Usiku alikataa uji, akatapika mara mbili, na akatusihi tusimwambie mwongozaji kwa kuogopa kurudishwa. Tulinyamaza kwa saa nzima. Naona aibu kuiandika saa hiyo, lakini naiandika makusudi. Mama mmoja katika kundi letu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyeinuka akaenda kugonga mlango wa waongozaji. Walikuwa wawili, na mmoja wao alimteremsha kijana usiku ule ule hadi Miriakamba, pamoja na mpagazi mmoja na askari. Asubuhi alikuwa akinywa chai na kuomba mkate.

Ugonjwa wa mwinuko haumchagui mnyonge wala haumwogopi mwenye misuli. Huweza kuanza mtu anapovuka mita 2,500 hivi, hasa akipanda haraka, na dalili zake za mwanzo ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na kukosa usingizi. Mgonjwa akianza kupepesuka, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hata akiwa ameketi, hali hiyo inaweza kumuua, na tiba ya kwanza ni kumteremsha mara moja bila kusubiri kuche. Kilele hakiendi popote. Kijana wetu alirudi Septemba, akapanda kwa siku nne badala ya tatu, akafika.

Sisi tuliobaki tuliondoka Saddle saa saba usiku. Baridi ilikuwa kali kuliko nilivyoweza kuifikiria, na ukingo wa kreta katika sehemu nyingine ni mwembamba, ambapo upande mmoja ni mteremko wa majivu na upande mwingine ni genge linaloshuka hadi chini kabisa, ambako kilima cha majivu kimekaa katikati kama chungu kilichofunikwa. Mlima huu ulipasuka upande wake wa mashariki maelfu ya miaka iliyopita, ukaporomokea tambarare, na ndiyo sababu ukiwa Momella unaona vilima vidogo vingi vimetawanyika kana kwamba vimemwagwa. Jua lilipochomoza tulikuwa kwenye Kilele cha Ujamaa, ndiyo ncha ya juu kabisa ya Meru. Mbele yetu Kilimanjaro ilikuwa imesimama juu ya bahari ya mawingu kama kisiwa kinavyoonekana kutoka ufukweni kwetu. Nililia, na yule mama muuguzi alinishika bega bila kusema neno.

Nimekwisha kueleza niliyoyaona, na sasa nije kwenye yale ninayoomba.

Kwanza, maneno kwamba mlima ni wa Wazungu tuyaache, kwa sababu si ya kweli wala hayajawahi kuwa ya kweli. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mwaka 1889, lakini hawakujibebea mizigo yao wenyewe kutoka pwani, na watu wa Marangu wanamkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaonyesha njia. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, aliyepandisha bendera yetu na kuwasha mwenge wa Uhuru juu ya mlima ule alikuwa Luteni Alexander Nyirenda. Oktoba 2020, moto ulipozuka Kilimanjaro, waliopanda kwa mamia kuuzima walikuwa askari wa hifadhi, wananchi wa vijiji vya jirani na wanafunzi, wengi wao wakiwa na matawi ya miti mikononi. Na kila siku ya Mungu wapo wapagazi, wanaoitwa wagumu na wanaistahili sifa hiyo, wanaopanda na mahema, mitungi ya gesi na vyakula vya watu wengine. Mtoto wa Mtanzania anayeambiwa kwamba mlima ni wa wengine ananyimwa urithi ambao babu zake waliulipia kwa mabega yao.

Pili, naomba mamlaka za vijiji, kata na halmashauri zitazame upya namna mgeni wa ndani anavyopokewa katika vivutio vidogo vilivyo nje ya hifadhi, yaani maporomoko, misitu na vilima, kwa sababu huko ndiko anakoanzia mtu asiyekuwa na fedha za kwenda Meru. Katika kijiji kimoja, ambacho sitakitaja, nililipishwa kiingilio mara tatu na makundi matatu ya vijana katika njia moja, kila kundi likidai kwamba ndilo lenye haki, na hakuna lililonipa stakabadhi. Fedha zenyewe hazikuwa nyingi. Lakini nilikuwa na wanafunzi sita wa kidato cha pili, watoto wa jirani, na mmoja wao aliniuliza kama tumefanya kosa lolote. Safari yetu iliyobaki ilikuwa ya kimya. Siwalaumu vijana wale kwa kutafuta riziki. Kijiji kinachotunza njia na msitu kinastahili kulipwa, na ningependa kilipwe zaidi. Ninachoomba ni kibao kimoja mwanzoni mwa njia, kwa Kiswahili na kwa shilingi, kinachotaja kiingilio, malipo ya mwongozaji wa kijiji na muda wa kutembea, pamoja na stakabadhi moja inayotambuliwa na wote. Fundi wa kuandika vibao hahitaji bajeti ya taifa.

Tatu, na hili nalikazia kuliko mengine, waajiri wanaopokea watumishi waliohamishwa wawafikirie watu hao zaidi ya kuwapa meza na kiti. Ofisi nyingi zina michezo ya mwisho wa mwezi. Kwa nini mojawapo ya Jumamosi hizo isiwe ya Mandara? Kwa walio Moshi, mtu anaweza kuingia lango la Marangu asubuhi, akapita kwenye msitu hadi kambi ya Mandara, mita 2,720, akasogea hadi ukingo wa kreta ya Maundi, na jioni akawa nyumbani amechoka, akiwa na watu ambao asubuhi alikuwa akijua majina yao tu. Kwa walio Arusha, matembezi ya mchana katika Hifadhi ya Arusha, chini ya ulinzi wa askari, yanatosha kabisa kwa mwanzo, na maziwa ya Momella, ambayo maji yake ya magadi huwavuta flamingo, yako hapo hapo. Misikiti, makanisa na vikundi vya akina mama vinaweza kufanya vivyo hivyo. Najua wapo wanaoona si vizuri mwanamke kwenda porini. Kundi la watu kumi na wawili, lenye wanawake saba na mwongozaji anayefahamika, ni jibu bora kuliko hoja yoyote ninayoweza kuiandika hapa.

Wanaojipanga wasiende wakati wa masika, yaani kuanzia Machi hadi Mei, kwa kuwa njia huwa tope tupu na kilele huonekana kwa bahati. Januari na Februari ni miezi mizuri, na Juni hadi Oktoba pia ni mizuri kwa anayeweza kuvumilia baridi. Kila mita 1,000 unazopanda hukupunguzia joto la takriban nyuzi sita, kwa hiyo fulana mbili zinazokutosha Sakina hazitakutosha Saddle. Asiende mtu peke yake, hata kwenye kilima kilicho nyuma ya mtaa, na asiondoke bila kumwambia mtu wa nyumbani njia anayoipita. Na chupa ya maji iliyopanda na mtu ishuke na mtu yule yule. Tangu tarehe 1 Juni 2019 nchi hii imeipiga marufuku mifuko ya plastiki, lakini chupa bado nazikuta katikati ya mizizi ya miti, na sehemu kubwa ni za maji yanayouzwa hapa hapa mjini, tena kwenye njia ambazo watalii hawapiti.

Mwezi ujao idara yetu inampokea mtumishi mpya kutoka Mtwara. Nimeshamtumia ujumbe kumweleza kwamba aje na sweta mbili na asinunue viatu hadi tuende Memorial pamoja. Jana jioni baba mwenye nyumba aliniuliza anafika siku gani, kisha akaingia ghalani akatoka na fimbo ya pili, akaketi kizingitini na kuanza kuichonga mpini.

Wako,
Mtumishi wa umma,
Sakina, Arusha